Jua la Uani

Wateja walimwita Shangazi Pindo, kwa jinsi alivyojua kupinda nguo hadi uzi usionekane. Miaka nenda rudi alishonea chumbani, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Alianza mapema, akatoka giza likishaingia. Maumivu yalimwanzia nyongani, yakashuka magotini, mwisho hata kukanyaga cherehani ikawa kazi.

Akapimwa damu hospitalini. Majibu yalipotoka hakuweza kusimama, akaenda mdogo wake wa mwisho. Shangazi Pindo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo, ingawa ni mwanamume mwenye mvi, alimwita Kitinda.

"Umepungukiwa na vitamini D, dada," Kitinda alisema aliporudi. "Daktari kasema ule vizuri. Samaki, mayai, maini. Basi."

Jirani yao muuza mboga alikuwepo. "Hiyo si inatoka kwenye jua? Mwenzangu, toa kiti uani ukae hapo asubuhi."

Kitinda alicheka. "Jua la kuanikia nguo hilo! Umesomea wapi udaktari, kwenye mchicha?"

Wakabishana, huyu jua, yule chakula, hadi Shangazi Pindo akaingilia kati. "Jamani, daktari keshasema. Mimi nitakula."

Na kweli alilishwa. Kila asubuhi Kitinda alileta mayai, akayamenya mwenyewe, akakaa naye mpaka amalize. Jioni samaki. Shangazi Pindo hakuchoka kumsifu kwa wateja: "Nina mdogo wangu mimi! Mwingine angenitupa."

Haikupita muda, Kitinda akaja na mafundi ujenzi. Kwenye ua wa nyumba hiyo, waliyorithi kwa mama yao, alitaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha. "Si hukai nje, dada? Pamekaa bure tu." Dada akakubali kwa moyo mweupe. Kuta zikapanda, bati likafunika, ua ukabaki kijia cha kupita mtu mmoja.

Maumivu hayakuisha. Siku moja muuza mboga alimshika mkono, wakakokotana hadi hospitali. Daktari alikuwa yuleyule.

"Jua unaota, mama?"

"Jua? Si ulisema chakula tu?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Mimi? Chakula kinasaidia, lakini kwa hali yako hakitoshi peke yake. Nilimwambia ndugu yako ukae juani kila asubuhi. Akaniuliza kama lazima iwe uani kwenu. Nikamwambia hapo ndipo pazuri, maana hutembei mbali."

Muuza mboga alimshika tena mkono, wakarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Kitinda alileta mayai, akamkuta dada yake ameketi kitandani; hakuyagusa.

"Ulijua," alisema Shangazi Pindo.

Kitinda hakuuliza alijua nini. "Ningekuambia, ungekubali nijenge?"

"Ungeniomba, Kitinda. Nimekubeba mgongoni. Lini nilikunyima?"

"Lakini dada, nilikulisha. Kila siku nilikuja."

"Ulikuja kunitazama nikimeza uongo wako."

Machozi yalimjia Shangazi Pindo alipokumbuka sifa alizommwagia mbele za watu, huku Kitinda akiinamisha kichwa kama mtu mwenye haya.

Vyumba havikubomolewa; wapangaji walikuwa wameshaingia. Cherehani ilihamishiwa barazani kwa muuza mboga, mahali penye jua la kutosha. Daktari alimwandikia na dawa, samaki akawa anajinunulia. Polepole miguu ikapata nguvu, ingawa nyonga moja haikurudi kama zamani.

Kitinda alikuja kuomba radhi na mkewe, akapiga magoti kabisa. Shangazi Pindo alimwinua, akamwambia yameisha. Wifi yake akashusha pumzi. Lakini tangu siku hiyo Shangazi Pindo alimwita mdogo wake kwa jina lake la ukubwani, kama anavyoitwa na wageni, na akimletea chochote humwambia, "Asante, weka hapo," kisha huendelea kushona.