Gramafoni Juu ya Ngamia Wangu

Ule mwaka tulikula unga wa manjano. Haukuwa na ladha yoyote, ulikwama kooni kama vumbi, na aliyekuwa na samli ya kuuteremshia alijiona tajiri. Mimi nilikuwa na samli kidogo, kibuyu kimoja. Mume wangu aliipaka kichwani.

Naanzia hapo kwa sababu wajukuu wangu wananichosha. Ninao wengi, na wote wamesoma, Mungu awazidishie. Mmoja ana ofisi pale Waberi, mtaa wa Garissa mjini, na kiti kinachozunguka. Wakikutana siku ya Idi humsifu babu yao: babu ndiye wa kwanza kucheza rokenroli Garissa, babu alikuwa kijana wa kisasa. Hakuna anayeuliza bibi alikuwa wapi. Bibi alikuwa akifunga ngamia.

Babu yao alimfulia nguo Mzungu mmoja wa serikali. Mzungu alipofunga virago wakati wa Uhuru, alimwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sanduku jeusi zito kama mbuzi aliyeshiba, pamoja na sahani zake saba za muziki. Tangu siku hiyo nikawa na mke mwenza. Mume wangu aliacha kikoi, akashonesha suruali iliyombana miguu hata asiweze kuchuchumaa. Akawa anakula amesimama. Nywele alizichana kwenda juu, zikasimama mbele kama nundu, na ili zisimame zilitaka mafuta. Vijana wa mjini wakamfuata nyuma ya maduka, kola juu, wakitikisa magoti. Wazee walisema wameingiwa na jini. Mimi nilisema afadhali jini, jini hamalizi samli.

Vita vilipokaza, vile ambavyo serikali iliviita vya shifta, mji ulifungwa kila jioni na vijana wakawa wanakamatwa ovyo. Mume wangu akakimbilia porini nilikokuwa na mama yake na binti yetu wa miaka miwili. Alikuja na sanduku. Hakuja na unga.

Asubuhi moja wanajeshi wakatufikia. Wakasema watu wote wahamie kijiji cha kulindwa karibu na Garissa, na waondoke kabla jua halijapanda. Atakayebaki atahesabiwa adui. Ulikuwa mwendo wa siku mbili na visima vya njiani vilikuwa vimefungwa. Ngamia aliyetubakia alikuwa mmoja tu.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Aqal yangu nilikuja nayo nilipoolewa, miti yake na mikeka niliyosuka na mama yangu. Mimi naijenga, mimi naibomoa, mimi nampakia ngamia. Mwanamume akishika kamba zile watu humcheka. Basi nikamlaza ngamia, nikafunga miti pande zote mbili na mikeka juu yake, kisha haan zangu mbili, vyombo vya kusuka vya maji, moja huku na moja huku ili zilingane. Juu nikampandisha mama mkwe, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa miaka mingi, na mtoto mapajani mwake. Hapakubaki nafasi hata ya kijiko.

Ndipo akaja na sanduku.

"Naayaa," akaniita, kama wanaume wetu wanavyowaita wake zao, "teremsha haan moja. Sanduku lina uzito uleule. Mzigo utalingana."

"Waryaa," nikamwita nami, kama wake wanavyowaita waume, "mama yako atakunywa sahani?"

Mama yake akajibu kutoka juu ya mikeka, "Mpakie mwanangu kitu chake. Mimi sina kiu."

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Nani angekuwa na kiu?

Askari mmoja kijana akaja kutuharakisha, akaliona sanduku. Uso ukambadilika.

"Hii inaimba?"

"Inaimba, ndugu," mume wangu akasema, na papo hapo akalifungua, akazungusha mpini. Nyumba za majirani walizozichoma zinafuka moshi, na gitaa linapiga kelele. Askari akaegemeza bunduki kwenye mzigo wangu. Wakacheza. Goti kwa goti, suruali ya jeshi na suruali ya kubana, vumbi linapanda, wanacheka kama waliotoka tumbo moja. Jana yake huyu angempiga kitako cha bunduki kwa sababu ya zile nywele. Sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Sahani ilipokwisha askari akachukua bunduki yake.

"Mama, mashine hii isiachwe. Shusha hayo maji, upakie."

"Umesikia?" mume wangu akasema. "Serikali imesema."

Kiswahili changu kilikuwa cha kuuzia maziwa. Nilikitumia chote. Nikashika kamba, nikamtazama askari.

"Ngamia huyu nampakia mimi, na maji hayashuki."

"Hiyo ni amri."

Nikakaza fundo. Mtoto akaanza kulia. Askari akamtazama mtoto, akanitazama mimi, filimbi ikalia upande wa pili, naye akaondoka. "Pole, ndugu," akamwambia mume wangu. "Umeoa sajini."

Mume wangu akajitwika sanduku kichwani, juu ya ile samli. Kufika adhuhuri samli ilikuwa inamchuruzika machoni na suruali imepasuka nyuma. Sikucheka, kucheka kunataka mate. Mama yake, yeye asiye na kiu, alikuwa amekunywa mara tatu. Niliwapa maji ya huku, kisha ya huku, ili haan zipungue sawasawa.

Siku ya pili zilikuwa zimefika nusu. Mume wangu akaanza tena.

"Naayaa, mimina hii kwenye ile. Nafasi itapatikana. Shingo yangu inavunjika."

Hesabu yake ilikuwa sawa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Lakini Garissa ilikuwa bado haionekani, na haan iliyojaa mpaka mdomoni humwagika njia nzima.

"Mimi nitashuka nitembee," mama yake akasema, yeye na ile miguu yake.

Nikamsimamisha ngamia. Nikawageukia wote wawili, mama na mwana, nikasema kwa Kiswahili kilekile cha jana, wasije wakadhani nimebadili hata neno moja:

"Ngamia huyu nampakia mimi, na maji hayashuki."