Kitambaa cha Ukoo wa Lorraine

Mwaura alijifunza kupiga zumari la mfuko akiwa kijana, kwenye brigedi ya kanisa kule Thogoto, ambako wamisionari Waskoti waliacha vyombo vyao walipoondoka. Alipohamia Amerika mwaka 1996 na kupata kazi ya kuhudumia wazee huko Temple Hills, hakutegemea kulishika tena. Kisha mzee mmoja aliyekuwa akimwogesha akamsikia akipiga mluzi wimbo wa Kiskoti, akamwambia kuna bendi Fairfax, ng'ambo ya mto katika jimbo la Virginia, inayotafuta wapigaji.

Ryan, kiongozi wa bendi, alimsikiliza kidogo tu akamkubali. Majira yote ya baridi Mwaura alivuka daraja kwenda Virginia kila Jumamosi akitoka zamu, macho mekundu. Hakukosa zoezi. Tatizo lilikuja gwaride la bendi la kila mwaka lilipokaribia, siku ya kupimwa sare.

Sare zilikuwa mikononi mwa Lorraine. Marehemu baba yake ndiye aliyeanzisha bendi, na kilti zote, zile sketi za mirabamiraba wanazovaa wanaume, zilikuwa za ukoo wao: nyekundu yenye mistari ya kijani. Alimpima Mwaura kiuno, kisha akakunja utepe.

"Vitambaa hivi vina madaraja," alisema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. "Vya ukoo huvaliwa na wenye jina au damu. Vya wilaya ni vya wenyeji wa mahali. Kuna vya kijeshi, halafu kuna vya watu wote. Wewe nitakutafutia cha watu wote."

"Kwa hivyo nitakuwa tofauti peke yangu?"

"Au uvae vazi lenu. Ile shuka nyekundu ya Kimasai ingependeza, hata rangi zinaoana."

"Mimi si Mmasai."

"Lakini inatoka kwenu."

Mwaura alitaka kumuuliza ni daraja gani linalompa Mkikuyu wa Thogoto ruhusa ya kuvaa shuka ya Wamasai, ila Kiingereza chake kilikuwa kikimtoroka akikasirika. Akamgeukia Ryan. Ryan, huku akifuta zumari lake, akasema mambo ya nguo humwachia Lorraine.

Nje, kwenye maegesho, Ekon alimfuata. Alikuwa mpiga ngoma pekee wa bendi, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukizungumza kwa uangalifu mkubwa.

"Ndugu Mwaura, pole sana. Jambo lile halikunipendeza."

"Na wewe mbona unavaa ya ukoo? Umekuwa Mskoti lini?"

"Ekon ni jina nililojichagulia. Jina la familia yangu ni la ukoo ule ule. Lorraine aliposikia, alifurahi, akaniita jamaa yake."

"Mlilitoa wapi?"

"Kwa mtu aliyemmiliki babu ya babu yangu, kule Carolina."

Mwaura aliegemea gari lake. "Kwa hivyo aliyemilikiwa anaruhusiwa," alisema. "Aliyefundishwa tu, hapana."

Ekon alirudi ndani kumwomba Lorraine amkubali Mwaura kama mgeni wake, yeye akiwa mwenye jina. Lorraine akasema ruhusa hiyo hutolewa na mkuu wa ukoo, naye yuko Uskoti. Ekon alipomweleza jina lilivyoifikia familia yake, Lorraine alikunja uso. "Hayo hayahusiani na nguo," alisema.

Siku ya gwaride Mwaura alivaa kilti ya bluu iliyokoza, akapangwa safu ya mwisho, pembeni. Ekon alikuja na ile nyekundu; bila ngoma bendi isingetembea. Hawakutazamana. Kabla hawajaanza, mpiga picha aliyekodiwa na bendi akamwomba Mwaura asogee kando kidogo, ili rangi za safu zilingane. Akasogea. Picha ikapigwa bila yeye. Kisha akapiga nyimbo zote mtaa mzima, bila kukosea hata noti moja.

Mwisho wa njia alimkabidhi Lorraine kilti yake.

"Umeona?" alisema Lorraine. "Rangi yako haikuharibu gwaride sana."

Hakurudi tena Fairfax. Ryan alipiga simu kulalamika kwamba safu imepungua sauti. Mwaura akamwambia aongee na Lorraine. Siku hizi hupiga kwenye ibada za Wakenya huko Beltsville, akiwa amevaa suti. Ekon bado yuko kwenye bendi. Husalimiana vizuri wakikutana, ila Mwaura hamuulizi wanavaa nini.