Miwani Niliyowatengenezea Watoto

Jumapili iliyopita mke wangu aliniachia watoto hapa Makongeni, akaenda kanisani na mama yake. Nikaamua kuwatengenezea miwani ya jua. Juu ya kabati, ndani ya bahasha, nilipata picha ya eksirei, nikajua ni ile yangu ya kifua ya zamani. Kuiangalia vizuri? Wapi! Nikaikata kuwa vioo, fremu nikatoa kwa boksi la sabuni, nikafunga na mkanda wa kaseti mbovu. Fundi mzima!

Jioni mama mkwe, aliyetoka Ruiru ili daktari amwone mguu kesho yake, akauliza bahasha yake iko wapi.

“Hata sijaiona, Mama,” nikaapa.

Shiru wangu akamvalisha nyanya yake miwani. “Cucu, ona!”

Mama mkwe akageukia dirisha.

“Baba Shiru, hili si goti langu?”