Nilimchagulia Adui Yangu Kaptula ya Baiskeli

Nimwambie au ninyamaze? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi baada ya Masanja kuvunjika mfupa wa bega. Nikiligeuza upande huu, niliona heri ninyamaze, hakuna atakayejua. Nikiligeuza upande ule, nilisikia sauti ya mama yake. Ndugu zangu, nimekosa! Nilikosa kwa makusudi, kwa akili zangu timamu, tena nikitabasamu.

Masanja si jina lake, na langu silitaji. Ila jina la utani alilonipa siwezi kulificha, maana ndilo kesi yenyewe: Pampasi.

Nilihitimu chuo nikarudi nyumbani Kilosa. Kazi hakuna. Nilichobaki nacho ni baiskeli ya milimani na woga wa kila kitu. Mimi ni mtu wa kuwaza. Hata soksi sinunui kabla sijaziwaza. Kwa hiyo nilipojiunga na vijana wanaopanda vilima kwa baiskeli kila Jumapili, nilijifunza mavazi yake mpaka mwisho: kaptula ya kubana yenye pedi hapo unapokalia, glavu zenye kiganja kinachoshika, kofia ngumu isiyocheza kichwani.

Vipya sikuviweza. Nilivisaka kwenye mitumba ya mnada wa Dumila, nikigeuza kila nguo ndani nje, nikivuta mishono, nikibonyeza pedi kwa kidole gumba. Pedi inayorudi haraka ni nzuri. Inayobonyea ikabaki hivyo, hata ukipewa bure iache.

Siku ya kwanza kuivaa kaptula yangu, Masanja aliniona. Yeye ndiye alikuwa hodari wetu: kijana wa Chanzuru, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, mapaja kama magogo, na mdomo usio na breki.

"Jamani njooni muone! Msomi kavaa pampasi!"

Walicheka hadi mmoja akakaa chini.

"Ni pedi ya kuendeshea," nikasema.

"Sawa baba, tumekuelewa. Basi ukijikojolea mlimani usitufiche!"

Jina likashuka nasi mpaka mjini. Wakaanga chipsi wakaniita hivyo. Watoto wakaniita hivyo. Nilipokwenda kuomba kazi kwenye duka moja la mbegu na mbolea, mwenye duka alitazama vyeti, akanitazama mimi, akaangua kicheko: "Kumbe Pampasi ndiye wewe!" Kazi sikupata. Labda ilikuwa kwa sababu nyingine. Mimi niliamua ni hiyo. Kisasi nikakifuga moyoni, nikakilisha kila siku kama kuku wa sikukuu.

Nafasi ikajileta yenyewe. Kambi moja ya watalii karibu na Mikumi ilitafuta kijana mmoja wa kuongoza wageni kwa baiskeli vijijini. Wote tulijiandikisha, mimi nikiwamo. Mchujo ulikuwa kuendesha kutoka Kilosa hadi Mikumi, meneja akifuata nyuma kwa gari. Akasisitiza kila mtu aje na mavazi kamili ya baiskeli. Masanja alikuwa hajawahi kuvaa zaidi ya bukta. Akaja kwangu, sauti imepungua.

"Msomi, yaliyopita yaache. Nisindikize mnadani. Wewe ndiye unajua kuchagua."

Msomi! Siku hiyo sikuwa Pampasi!

Pale Dumila robota la mitumba lilikuwa limefunguliwa asubuhi ile ile. Nikapekua, nikapata kaptula safi kabisa, pedi imara, hakuna mshono unaopita katikati. Nikaizika chini ya masweta. Nikamnyooshea nyingine, ya rangi ya chungwa, inang'aa, pedi yake nene na laini kama sifongo, na mshono mnene umeikata katikati.

"Hii hapa. Ona ilivyonona!"

"Kweli bwana. Kama godoro!"

Nikamwongezea glavu zilizompwaya, viganja vyake vinateleza. Muuzaji alinitazama mara mbili, akapokea hela. Biashara ni biashara.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza polepole, kama mtu aliye mbele ya daktari: "Sasa hii inavaliwa na chupi au bila?"

Hapo ndipo ningeweza kujizuia. Kila anayekwenda mbali kwa baiskeli anajua kwamba kaptula ile inagusa ngozi tupu. Ukitia chupi ndani, jasho na mishono vitakuchuna kama mbuzi.

"Vaa chupi," nikasema. "Ya pamba, nzito. Mtu mzima lazima ajisitiri."

"Asante sana, ndugu yangu."

Moyo wangu ulicheza ngoma!

Siku ya mchujo Masanja aliongoza hadi kijiji cha Ulaya. Baada ya hapo nikamwona anahamisha makalio upande huu, upande ule, kisha akasimama kabisa juu ya pedali.

"Vipi tena?" nikamuuliza nikimpita.

"Moto, Msomi! Huko chini ni moto!"

"Pole sana," nikasema, nikageuza uso nicheke. Nilitaka ashuke, asukume baiskeli, watu wamwone, naye apewe jina. Hiyo tu! Lakini Masanja si mtu wa kushuka. Aliuingia mteremko wa changarawe vile vile amesimama, glavu ikateleza kwenye breki. Nyuma yangu nikasikia baiskeli inaburuzika na mtu anapiga yowe.

Sikusimama. Nasema tena, sikusimama! Niliacha gari la meneja limwokote. Nikafika Mikumi wa kwanza, nikapewa kazi.

Kabla ya kuripoti nilikwenda Chanzuru kumpa pole. Pole ya mnafiki! Mama yake alikuwa peke yake shambani nyuma ya nyumba, akipalilia mahindi, kazi ambayo mwanawe angeimaliza kama si lile bega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye msomi uliyemchagulia mwanangu nguo? Mungu akuzidishie. Wenzako wote walimwacha ahangaike."

Masanja alikuwa uani, amekalia mto kwa upande mmoja, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni. "Kosa langu, Msomi," akasema. "Sikuvizoea hivyo vitu. Nimewaambia vijana, atakayekuita tena Pampasi tutagombana."

Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na chai waliyonikaribisha sikuimaliza.

Niliondoka bila kusema. Nikawaza, nikawazua, mpaka nikajichoka. Kesho yake nilirudi nikamwambia yote: kaptula niliyoizika chini ya masweta, glavu, chupi, kicheko. Kule shambani mama yake akatua jembe. Nilingoja tusi. Masanja akanyoosha mkono mzima.

"Ile ya chungwa pale kwenye kamba, mama kaifua. Vaa. Na chupi ndani, ya pamba. Uende hivyo mpaka Mikumi, ukamweleze meneja ulichonifanya."

"Masanja, ndugu yangu..."

"Mtu mzima lazima ajisitiri," akasema. Hakucheka.

Nikaivaa. Kaptula yangu nzuri nikaianika pale pale kwenye kamba, iwe yake.

Wewe unayeombwa kumchagulia mtu kitu asichokijua, na moyoni una lako, nisikilize: kabla hujamkabidhi, jiulize kama ungekivaa wewe! Niliyajua hayo njiani kwenda Mikumi, kabla sijafika Ulaya. Baada ya Ulaya nililia waziwazi, na kwenye ule mteremko nilishuka, nikasukuma. Watoto wa kijijini walinikimbilia wakicheka mwendo wangu. Niliwaacha wacheke.

Meneja alinikuta mlangoni pa ofisi yake. "Ahaa, kijana wetu! Karibu kiti."

"Ahsante, bosi," nikasema. "Nitasimama. Nimekuja kukurudishia kazi ya Masanja."