Salamu Isiyoitikiwa

Picha ya mama yangu imetundikwa kwenye makumbusho madogo ya historia hapa Sumbawanga, juu ya jiwe la kusagia ulezi. Amepiga magoti, viganja vimekutana, macho yanamtazama mtu ambaye hayumo pichani. Chini wameandika: Ngoma ya Salamu, Ufipa. Hakuna ngoma ya namna hiyo. Niliizua mimi.

Ninafundisha historia, na siku ile ya maonyesho ya utamaduni, picha hiyo ilipopigwa, mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji. Kulikuwa na chemsha bongo ya wanafunzi, mashindano ya ngoma, na bango refu lenye maneno Mwacha Mila ni Mtumwa. Kamati ilitafuta mfinyanzi wa kweli wa kuwafundisha watoto. Nikasema namfahamu bibi mmoja wa huko Chala. Sikusema kwamba ndiye aliyenizaa. Walimu wenzangu wengi wanatoka mikoa mingine, na kwa miaka mingi nilikuwa nimejiondolea lafudhi ya Kifipa mpaka wakadhani nimekulia mjini. Mama Kiswahili kinampa taabu. Nilimwonea haya. Ndiyo hivyo, hakuna neno zuri zaidi la kulisema.

Alikuja na udongo wake kwenye ndoo, umefunikwa kitambaa chenye maji. Asubuhi nzima watoto walimzunguka, mikono imejaa tope, naye akiwaelekeza kwa Kifipa na kwa vidole, na wakamwelewa. Sijamwona na furaha kama ile tangu baba afariki.

Saa sita akafika mgeni rasmi, amechelewa kama ilivyo desturi ya wageni rasmi. Mama alitakiwa kumkabidhi chungu. Akakiweka chini kwanza, akapiga magoti kwenye kokoto, akapiga makofi mepesi na kumsalimu kwa Kifipa. Hiyo ndiyo heshima kama alivyofundishwa na mama yake, na aliyesalimu hivyo hainuki mpaka aitikiwe. Mgeni hakujua. Aliposikia makofi, naye akapiga makofi. Meza kuu wote wakapiga, wanafunzi wakafuata, vigelegele vikapanda na simu zikainuliwa kupiga picha.

Mama akangoja. Makofi yalipopungua akarudia salamu, kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayedhani hakusikika. Kisha akageuka kunitazama.

Jibu nilikuwa nalo. Ni maneno machache tu, nimeyasikia mlangoni kwake tangu utotoni. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Nami nikasema, "Makofi tena kwa bibi yetu! Hiyo ndiyo ngoma ya salamu ya Wafipa!"

Wakashangilia. Mama akaweka kiganja kwenye kokoto, akajiinua mwenyewe, goti moja na kisha la pili. Akakabidhi chungu. Mchana watoto walimtafuta wamalizie vyungu vyao, wakamkuta amekaa karibu na geti, ndoo miguuni, anangoja kurudishwa nyumbani.

Nilimsindikiza hadi stendi. Nilieleza mengi, kwamba mgeni ni mtu wa mbali, kwamba ratiba ilikuwa imebana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kifipa, polepole, "Yule hakunielewa. Wewe ulinielewa."

Siku hizi napeleka wanafunzi makumbusho kila muhula. Wanauliza bibi yule anacheza nini, nami nawaeleza kuhusu ngoma ile, na wanaandika kwenye madaftari. Nimekwisha kuitungia hata swali la mtihani.

Krismasi iliyopita nilikwenda Chala. Mlangoni nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikamsalimu mama kwa Kifipa. Alikuwa anapepeta ulezi. Aliweka ungo chini, kisha akaniitikia kwa Kiswahili kile kinachompa taabu, anachowawekea watu wa ofisini.

"Marahaba, mwalimu. Karibu."