Kipande cha Mkaa Nilichokificha Chanzuru

Nyumba yetu ya Chanzuru ilinuka udongo unaoungua. Baba alikuwa fundi matofali, na kila kiangazi, barabara ya kwenda Kilosa ilipoanza kutimka vumbi, alichimba udongo kwenye shimo kubwa lililokuwa mwisho wa shamba letu, upande wa mto. Alifyatua matofali, akayaanika, akayapanga kuwa tanuri na kulichoma kwa magogo siku kadhaa mfululizo. Moshi wake uliingia kwenye sare za shule, kwenye uji, hadi kwenye nywele. Mwaka niliokuwa darasa la tano, matofali hayo hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa yetu. Baba alikuwa ameshatandaza kamba ya msingi wa nyumba mpya hatua chache kutoka kwenye shimo, mahali tambarare, maji yakiwa karibu. Mama naye alikuwa ameshachagua dirisha la jiko lake litazame wapi. Jioni alikuwa akienda kusimama pale, kati ya kamba na kamba, kana kwamba tayari anapika.

Ndipo akaja Madamu Rehema. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu anayechunguza ardhi ilivyokuwa zamani, na mwenyekiti wa kijiji alimleta kwa baba kwa sababu shimo letu lilikuwa refu kuliko mengine yote. Alichukua mwiko wa kujengea akaukwangua ukuta wa shimo taratibu hadi ukawa laini, akaunyunyizia maji. Nilikuwa nimeuona ukuta ule maisha yangu yote, lakini siku hiyo ndipo nilipouona. Ulikuwa na mistari: udongo mweusi, mfinyanzi mwekundu, kisha utepe wa mchanga wenye kokoto za mviringo, kisha mfinyanzi tena. Alitueleza kwamba mfinyanzi hutua pale maji yanapotulia, lakini kokoto za aina ile hubebwa na maji yenye nguvu tu. Kila utepe wa mchanga ulikuwa alama ya mara moja ambayo mto ulifurika ukalala hapo.

Baba alicheka. "Madamu, mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu alikuja kukata mkonge, akanizaa hapahapa. Huo mto haujawahi kuivuka ile mianzi ya ukingoni."

"Nakuamini, kaka. Lakini wewe na baba yako, mkijumlisha umri wenu, mnafika wapi? Huu ukuta ni mzee kidogo kuwashinda."

Alimwomba asubiri kwanza kujenga. Juu na chini ya utepe wa mwisho wa mchanga kulikuwa na punje za mkaa, mabaki ya mioto ya kale, na mkaa unaweza kupimwa umri. Mti ukiwa hai, alisema, hupokea kutoka hewani aina fulani ya kaboni. Ukifa huacha kupokea, na ile iliyobaki hupungua kwa mwendo unaojulikana. Ukipima kilichobaki maabara, unajua mti ulikufa lini, na kwa hiyo mafuriko yalikuja kati ya moto upi na upi. Yakiwa ya juzijuzi, nyumba yetu ingekuwa njiani kwa mto.

Nyumbani waliniita Hakimu kwa sababu ya maswali yangu. "Umejuaje? Kwani ulikuwepo?" nilimwuliza, na baba akanitolea jicho.

"Sikuwepo," alijibu Madamu. "Ndiyo maana natafuta kitu kilichokuwepo."

Sikuridhika. Madamu na msaidizi wake walipokwenda kula ugali kwa mama, nilichukua kipande cha mkaa jikoni, nikakivunja, nikakipachika ukutani juu ya ule utepe wa mchanga na kusawazisha udongo kwa mate. Nilitaka kuona kama sayansi yake ingejua mkaa wa kale na mkaa wa asubuhi. Alasiri Madamu alikiokota kwa kibano, akakifunga kwenye foili, akakiandikia namba na kukiweka pamoja na vingine. Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimeweka uongo kwenye mizani, na kilichopimwa ni nyumba ya mama.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu, mizigo ikifungwa, niliungama mbele ya wote. Baba aliinua mkono.

"Subiri, kaka," alisema Madamu. "Hakimu, ni kipi?"

Sikujua. Vyote vilifanana. Alikaa juu ya matofali mabichi, akavua miwani, akapumua kwa nguvu kama mtu anayemeza maneno. Msaidizi wake akasema, "Ni kimoja tu, Madamu. Vingine vyote safi. Nani atajua?"

"Mimi," alisema. "Na huyu mtoto."

Akafungua foili moja baada ya nyingine, akamwaga chini kazi ya siku mbili, kisha akaenda upande wa pili wa shimo kuanza upya. Baba, bila kuombwa, alichukua chepe akaanza kumkatia ukuta mpya. Jioni alimwambia mama kwamba nyumba haitajengwa pale. Mama alimwuliza kama majibu yameshatoka. "Bado," alisema baba. "Lakini nimeona anavyotafuta." Mama alijua kwamba tukijenga juu, ndoo za maji zitapanda mlima kichwani mwake.

Majibu yalikuja mwaka uliofuata: mto ulikuwa umelala pale zaidi ya mara moja, mara ya mwisho enzi za babu wa babu yangu. Tulikuwa tayari tunakaa mtelemkoni, juu.

Leo nafanya kazi Mikumi, kwenye mabanda ya mama lishe kando ya barabara kuu, nikilinganisha mkaa, gesi na sufuria za umeme wa jua. Maharage ni yaleyale, maji ni yaleyale, na kila kinachoungua kinapimwa kabla na baada. Sifichi kwamba nataka jua lishinde. Nimekulia kwenye moshi. Lakini siku za mawingu linashindwa vibaya na gesi, nami naandika hivyohivyo. Juzi mkaa ulishindwa vibaya, nikafurahi, kisha nikagundua gunia lilikuwa limenyeshewa. Nikafuta kila kitu. Mama Shani, mwenye banda, alishika kiuno. "Maharage yameiva, wateja wanakula, sasa unarudia nini?" Nikamwambia nimeuonea mkaa wake. Akawaita majirani: "Njooni mwone msomi anayeuhurumia mkaa!"

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, nilitembea na baba hadi kule chini kwenye shimo. Mahindi yamestawi, na mto haujavuka mianzi hata mara moja tangu tuhame. Mama amebeba maji miaka yote hiyo, na swali moja limekuwa likinikera: kama sikumwamini Madamu wakati ule, kwa nini nimwamini sasa? Udongo ulisema mto ulikuja. Haukusema utarudi lini, na Madamu hakuwahi kudai anajua. Nikamwuliza baba kama anajuta.

"Mvua kubwa ikianza, mama yako anageuka upande wa pili na kuendelea kulala," alisema. "Kamwulize yeye kama anajuta. Lakini usimwamshe."