Nyuki wangu waliniuma kila nikitoka Lusahunga, nusura ndoa ivunjike

Wakuu, heshima kwenu wote mliomo humu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Ntobeye, Ngara. Sijaongeza chumvi, maana hata bila chumvi sijayaelewa vizuri mpaka leo. Anayefuga nyuki nyumbani, au anayetaka kuanza, asome hadi mwisho.

Kazi yangu ni ndizi mbivu. Nanunua mikungu huku vijijini, naivundika kwenye kibanda changu kule barabara kuu, zikiiva napakia kwenye matenga napanda gari mpaka Lusahunga. Malori ya mpakani Rusumo yanasimama pale na madereva wanapenda ndizi. Naenda mara mbili kwa wiki, naondoka alfajiri narudi jioni.

Mwaka jana mama mkwe aliumia mguu, akaja kukaa kwetu ajiuguze. Marehemu mume wake alikuwa na mizinga ya magogo tangu ujana, kwa hiyo mambo ya nyuki mama anayajua. Ndiye aliyetushauri mimi na mke wangu, Mama Jeni, tujaribu.

Tukatengenezesha mizinga miwili ya mbao. Tukaining'iniza kwa waya nyuma ya nyumba, hatua kama hamsini kutoka mlangoni, tundu la kuingilia likitazama shambani, siyo kwenye njia ya watu. Waya tukaupaka grisi ili sisimizi wasipite. Ndani tukasugua nta, maana nyuki wakisikia harufu ya nta wanajua hapa panakalika. Mbuzi tukawahamishia upande wa pili kabisa. Hilo la mbuzi msilichukulie poa, mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia.

Mama Jeni akaweka karibu na mizinga beseni la maji lenye mawe madogo ndani, nyuki watue wanywe bila kuzama. Kulijaza ikawa kazi yake ya kila siku. Haikupita miezi miwili mizinga yote ikawa na wenyewe.

Mwanzoni raha tupu. Baadaye ndipo kisanga kikaanza.

Jioni moja nimetoka Lusahunga, sijaingia hata ndani, nikasema ngoja nikawasalimie nyuki wangu. Nimesimama tu, sijagusa kitu. Mmoja akanigonga kwenye paji la uso, wa pili shingoni, wa tatu sikumbuki, maana nilikuwa nimeshatoka mbio na kiatu kimoja kimebaki shambani.

Kesho yake nikarudi kukifuata kiatu. Nyuki kimya, kila mmoja na shughuli zake, nikajiuliza kama ndio walewale wa jana.

Jumamosi nimetoka tena Lusahunga, nikapita pale. Weee! Jicho la kushoto likafunga siku mbili.

(Kidogo nje ya mada: ukiumwa, mwiba usiubane kwa vidole, ukwangue kwa ukucha haraka. Wakikufuata usirushe mikono. Kimbilia ndani ufunge mlango. Ukiona pumzi inabana au mwili wote unatoka vipele, hiyo ni hospitali moja kwa moja, siyo ya kusubiri.)

Nikaanza kubadilisha mambo. Nikahisi sabuni, nikaacha sabuni ya kunukia. Nikahisi siafu, nikakagua waya, mzima. Nikahisi jirani anawarushia mawe, nikamvizia siku mbili nzima nisimkute na kosa, mwisho nikaona aibu mwenyewe. Nikitoka Lusahunga, naumwa. Nikishinda nyumbani, hata nikisimama karibu na tundu, hakuna anayenijali.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Nyuki wakikufuata wewe inakuwaje, hawakutuachia maelekezo.

Sasa mama mkwe. Kwetu mkwe na mkwe wanaheshimiana, mambo mazito hakuambii usoni. Alimwambia binti yake jikoni, na binti ndiye aliyenifikishia. Kwamba marehemu mzee alikuwa akisema nyuki hawamvumilii mtu aliyetoka kwenye mambo machafu. Yeye mwenyewe akigombana na mkewe tu, mizingani haendi mpaka wapatane.

Mama Jeni akakaa na hilo neno kama wiki hivi. Halafu jioni moja akaniuliza, taratibu tu, "Baba Jeni, kuna nini Lusahunga?"

Nikamjibu kuna ndizi na malori. Hakucheka.

Wakuu, mchepuko sina. Nawaambia ninyi kama nilivyomwambia yeye. Lakini unajiteteaje mbele ya nyuki? Angekuwa mtu kasema, ningemwita, tukae, aulizwe aliniona wapi na nani. Nyuki utamwita kikao gani?

Nikajifanya mjanja. Nikasema nakaa nyumbani wiki tatu, Lusahunga sikanyagi, aone mwenyewe. Ndizi zilizokuwa kibandani nikamwachia mwenzangu wa biashara.

Wiki tatu nyuki hawakunigusa hata mara moja. Nilifungua mzinga mmoja jioni, na moshi wangu kidogo, nikatoa masega matatu yaliyozibwa vizuri kwa nta na mengine nikawaachia wenyewe wale. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

Naingia na asali sebuleni, mke wangu kainamia bakuli anatokwa na machozi. Akasema, "Umeona? Umeacha kwenda, wametulia."

Hapo nilichoka. Ushahidi niliouandaa kwa mikono yangu ndio ulionifunga. Akaniambia mguu wa mama umepona, kiangazi hiki mama akirudi kwao Bugarama, yeye na Jeni wataondoka naye. Hakupaza sauti. Angepaza ningeogopa kidogo, ila alivyosema vile nilijua ameshaamua.

Nikuambie ukweli ndugu msomaji, ilifika mahali nikaanza kujichunguza. Kuna mama anauza chai pale stendi huwa tunataniana. Nikajiuliza, au utani nao nyuki wanahesabu? Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu nawaogopa wadudu wasije wakanisema.

Chakula kilipopungua nikalazimika kurudi Lusahunga. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya huku mnaijua. Nikarudi jioni, nikapita mbali kabisa na mizinga, nikavua jaketi langu la safari za ndizi nikalitundika kwenye msumari mlangoni, nikaingia nikamwamkia mama mkwe. Akaitikia marahaba bila kuniangalia.

Mama Jeni akakumbuka hajajaza beseni. Baridi ilikuwa kali, akachukua jaketi lililo karibu, langu, akavaa akatoka na ndoo.

Hazikupita dakika tano tukasikia ndoo inaanguka. Akaja mbio, akapita mlangoni kama upepo, nikaufunga. Kaumwa mdomo, shavu na mikono. Mtu ambaye miezi yote ile amewanywesha maji bila hata kitambaa kichwani!

Nikamkalisha, nikaanza kumkwangua miiba kwa ukucha. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, akamtazama binti yake muda mrefu sana.

"Na wewe, mwanangu," akamuuliza, "umetoka wapi?"

Wakuu, mbele ya mkwe huwezi kucheka. Niling'ata ulimi. Mama Jeni akaliangalia lile jaketi, akalivua, akalitupa nje.

Wiki iliyofuata nikaenda kumwomba afisa nyuki afike. Dada mmoja mpole, akalichukua jaketi akalinusa, akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akatingisha kichwa. Akaeleza kwamba nyuki akichoma anatoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu. Mfugaji hatakiwi hata kula ndizi kabla ya kwenda mzingani. Mimi nilikuwa nakwenda nimeoga ndizi mwili mzima!

Nikabisha. Nikamwambia dada, hapa migomba imeizunguka nyumba, mbona kila mtu hachomwi? Akasema mkungu mbichi hauna harufu hiyo, ni mpaka uive. Halafu akanichanganya tena, akasema jaketi langu ni jeusi, na nyuki hawapendi nguo nyeusi wala jasho, kwa hiyo inawezekana ni yote kwa pamoja.

Basi nikajaribu mwenyewe. Nikachana shati jeupe kuukuu vipande viwili, kimoja nikakipaka ndizi iliyoiva sana, nikavifunga kwenye vijiti karibu na mzinga, nikajificha ndani. Cha ndizi walikipiga. Kingine hawakuwa na habari nacho.

Nikawaita wote waone dirishani. Mama mkwe akaangalia, akasema kitambaa kimepigwa kwa sababu ni mimi niliyekifunga.

Alirudi Bugarama mwezi wa saba, peke yake.

Kwa hiyo nilichojifunza: ukitoka kwenye ndizi mbivu, oga, badili nguo, vaa nyeupe, ndipo uwasogelee nyuki. Na nyuki wakikuuma, uliza kwanza umevaa nini na umeshika nini, kabla hujauliza umelala wapi.

Kinachonichanganya ni kingine. Mke wangu hajaniomba radhi mpaka leo, na mimi sijaidai. Ila siku za Lusahunga nikirudi nakuta ndoo ya maji ya moto bafuni na shati jeupe limekunjwa juu ya kigoda, kabla hata hatujasalimiana. Ndiyo msamaha huo, au anawatunza nyuki wake?

Wenye mizinga na wenye ndoa, uwanja ni wenu. Mimi nakwenda kuoga.